Saa ya Betri Imegoma: Dalili, Sababu na Njia ya Kuirudisha

Fungua saa yoyote ya betri iliyolala kwenye droo ya nyumba ya Mombasa kwa miaka mingi, na mara nyingi kitu cha kwanza utakachokiona ni unga: mweupe pembeni mwa betri, au wa kijani juu ya shaba. Betri ilikwisha, saa ikasimama, mwenyewe akaiweka kando akisema ataipeleka kwa fundi, na betri ile ile ikaendelea kuvuja polepole katika hewa yetu ya unyevu na chumvi. Kwa nilivyoona, betri iliyoachwa ndani imeharibu saa nyingi Pwani kuliko uzee. Kwa hiyo hata kama leo huna nafasi ya kutengeneza chochote, zitoe betri zote zilizokwisha kwenye saa ulizonazo. Kazi nyingine itakusubiri.

Saa ninazozungumzia ni zile za kwatzi, yaani zinazohesabu wakati kwa mtetemo wa kipande cha jiwe la fuwele, zenye akrabu, pamoja na za tarakimu nitakazozigusa mbele. Ya kwanza ya mkononi kuuzwa ilikuwa Seiko Astron, iliyotoka Japani tarehe 25 Desemba 1969, na bei yake ilikuwa ya watu wenye uwezo mkubwa. Baada ya hapo bei ziliporomoka, na ndiyo maana leo nyumba nyingi zina Seiko, Citizen, Casio au saa ya Uswisi ya baba au babu ambayo haijatembea tangu mwenyewe aache kuivaa.

Ndani yake mambo hufuatana hivi. Betri hulisha saketi. Saketi hutetemesha kipande kidogo cha kwatzi mara 32,768 kwa sekunde, kisha huigawa hesabu hiyo kwa mbili mara 15 mfululizo mpaka libaki pigo moja kwa sekunde. Pigo hilo huingia kwenye koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, koili inakuwa sumaku kwa muda mfupi sana, nayo hukigeuza kisumaku kidogo kinachoitwa rota nusu mzunguko. Rota husukuma gia, gia husukuma akrabu. Kazi yote ya kutafuta ubovu ni kujua mwendo huo umekatikia wapi: upande wa umeme, au upande wa gia na akrabu. Usibadilishe kitu kabla ya kupata jibu la swali hilo.

Kabla ya kufungua

Zima feni. Ukifanya kazi chini ya feni ya dari, parafujo ndogo kuliko punje ya mchele itaruka na hutaiona tena. Tandika kitambaa cheupe kwenye sinia ili kinachoanguka kionekane. Utahitaji bisibisi ndogo za saa, kibano cha plastiki au cha shaba, lenzi ya jichoni, mita ya kupimia umeme, spiriti, siki kidogo, na vijiti vya kuchokolea meno. Jasho la vidole vyetu lina chumvi, basi vaa kondomu za vidole zile za mpira wanazotumia mafundi, au angalau nawa na ukauke kabla ya kugusa mashine.

Jambo moja zaidi, na nalisema kwa uzito wote: betri hizi zisikae mahali mtoto anapoweza kufikia. Betri bapa za lithiamu, hasa kubwa kama CR2032, zikikwama kooni huunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu. Mtoto akimeza, apelekwe hospitali papo hapo bila kusubiri dalili.

Imesimama kabisa, hata ukiweka betri mpya

Anza kwa kuipima hiyo betri mpya. Betri za saa hukaa madukani muda mrefu, na joto halizisaidii. Betri ya oksidi ya fedha ikiwa nzima husoma karibu volti 1.55. Ikisoma 1.3 au chini, irudishe. Angalia pia maandishi: SR626SW, ambayo wengine huiita 377, ni ya oksidi ya fedha. AG4 au LR626 ina umbo lile lile lakini ni ya alkalini. Ya alkalini ni rahisi na saa itatembea nayo, ila volti zake hushuka pole pole tangu mwanzo, maisha yake ni mafupi, na ndiyo inayovuja upesi. Kwa saa unayoithamini, toa pesa ununue ya oksidi ya fedha. Tazama na unene: SR621SW ina upana uleule wa milimita 6.8 lakini unene wake ni milimita 2.1 badala ya 2.6, na ukiikosea itacheza ndani bila kugusa chuma cha juu.

Kisha hakikisha kifungo cha pembeni kimesukumwa ndani mpaka mwisho. Saa nyingi huzimwa kwa makusudi kifungo kikivutwa, na wako watu waliobadilisha betri mbili kabla ya kukumbuka hilo. Hakikisha pia upande wa chanya unaelekea inakotakiwa. Kwa kawaida huelekea juu, yaani upande wa kifuniko cha nyuma, lakini soma alama kwenye mashine maana si zote. Na ukikuta karatasi nyembamba ya plastiki ikiwa imelala juu au kando ya betri, irudishe ilipokuwa. Ndiyo inayozuia kifuniko kisiguse mahali pasipofaa.

Betri ikiwa nzima na saa bado kimya, tazama vibati vinavyogusana nayo. Hapa ndipo saa zetu nyingi huponea au hufia. Unga ulioachwa na betri ya alkalini ni wa magadi, kwa hiyo asidi hafifu huuyeyusha: lowesha ncha ya kijiti kwa siki, gusa unga, subiri utoe mapovu, futa, kisha pitisha kijiti kingine chenye spiriti ili kuondoa siki yenyewe. Usimwagie siki. Tone linalotiririka chini ya saketi litakula shaba usiyoiona. Ukungu wa kijani unaobaki baada ya hapo kwangua kwa kijiti kikavu au kwa ncha ya kifutio cha penseli mpaka chuma king'ae. Kibati kilicholala kiinue kidogo kwa kibano ili kikandamize betri.

Saa ikigoma bado, pima koili. Toa betri, weka mita kwenye omu, na gusa ncha mbili za koili pale waya wake unapounganishwa na saketi. Koili nyingi za saa za mkononi husoma kati ya kilo-omu 1 na 3. Mita isiposoma chochote, waya umekatika mahali. Waya wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, na mara nyingi hukatwa na bisibisi iliyoteleza wakati wa kubadilisha betri, au huliwa na kutu. Ukitazama kwa lenzi ukaona mkato uko pale pale kwenye ncha, rangi inayopitisha umeme inaweza kuunganisha. Ukiwa katikati ya mizunguko, tafuta koili ya mashine nyingine ya namba ile ile. Usijaribu kuizungusha upya kwa mkono.

Koili ikiwa nzima, swali linabaki kwa saketi. Rudisha betri, chukua mita ya mshale, ile ya zamani, uiweke kwenye volti ndogo na uguse ncha za koili. Saketi nzima itautingisha mshale kidogo kila sekunde, mara upande huu mara upande ule, kwa sababu kila pigo hugeuza mwelekeo wa lile lililotangulia. Mita ya tarakimu haifai sana hapa, maana pigo lenyewe huchukua sehemu chache tu za elfu za sekunde na tarakimu haziwahi kulishika. Mshale ukitulia kabisa, saketi au kwatzi imekufa, na dawa yake ni kubadilisha.

Akrabu ya sekunde inaruka sekunde mbili, au nne, kwa mara moja

Hii siyo hitilafu. Waundaji wengi waliweka dalili hii ili kumwambia mwenye saa kwamba betri inakaribia kwisha. Za Japani kwa kawaida huruka mbili mbili, za Uswisi nyingi huruka nne nne. Saa inaendelea kuonyesha wakati sahihi, lakini badilisha betri wiki hiyo hiyo.

Akrabu ya sekunde inatetemeka mahali pamoja

Furahi ukiiona hii, maana umeme wote unafanya kazi mpaka kwenye rota. Ubovu umekuwa wa kimitambo, au betri ni dhaifu kidogo. Tazama imesimama wapi. Ikiwa hutetemeka karibu na namba 9, upande ambao akrabu inapanda, nguvu ni haba: inatosha kushuka, haitoshi kuinua uzito wa akrabu. Betri mpya huimaliza kazi mara nyingi. Ikiwa inakwama mahali tofauti kila mara, fikiria uchafu kwenye gia. Ikikwama mahali pale pale kila baada ya saa moja, tazama saa kwa ubavu, kwenye mwanga, uone kama akrabu moja inagusa nyingine, au inagusa kioo, au inakwaruza uso wa saa. Hitilafu hii hutokea sana baada ya saa kuanguka sakafuni, na tiba yake ni kuinyoosha akrabu kwa kibano, taratibu.

Uchafu una aina zake. Ulio mbaya zaidi ni vumbi la chuma, kwa sababu rota ni sumaku na hulivuta. Chembe moja iliyoganda pembeni mwa rota inatosha kuizuia. Ndiyo sababu nasisitiza kibano kisichovutwa na sumaku: kibano cha chuma huikamata rota, ukiichomoa inaruka, na mhimili wake unavunjika. Chembe ziondoe kwa gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani, ukiigusisha na kuinua.

Aina ya pili ni mafuta yaliyoganda. Saa iliyokaa miaka ishirini bila kutembea, mafuta yake huwa kama nta. Hapo utalazimika kutoa akrabu, kutoa uso wa saa, kufungua daraja linaloshika gia, na kusafisha gia kwa petroli safi ya viberiti, mbali na moto na dirisha likiwa wazi. Toa koili na saketi kwanza, hizo hazilowekwi. Piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kutoa kipande kinachofuata. Unaporudisha, tia mafuta ya saa ncha ya sindano tu kwenye matundu ya mihimili ya chuma, na gia za plastiki ziache kavu. Mafuta ya cherehani ni mazito na husambaa. Mafuta ya nazi ndiyo kabisa usiyakaribishe. Yataganda asubuhi ya kwanza yenye baridi kidogo na vumbi litayapenda.

Inakula betri kwa miezi michache

Saa ya kawaida yenye akrabu tatu hutumia takriban mikroampia moja au mbili, na betri yake hudumu miaka miwili hadi mitatu. Ikikaa miezi minne tu, kwanza uliza betri ilikuwa ya aina gani. Kama ilikuwa nzuri, kuna mzigo. Mashine nyingi zina akili ya kutambua kwamba rota haikugeuka, na hapo hutuma pigo refu zaidi. Saa inatembea sawasawa kwa macho, huku ikilipa mara mbili kwa kila sekunde. Kwa hiyo gia chafu huonekana kwanza kwenye mfuko wako kabla ya kuonekana kwenye akrabu.

Sababu ya pili ni yetu zaidi: unyevu juu ya saketi. Tabaka la jasho na chumvi lisiloonekana hupitisha umeme kidogo kidogo mchana na usiku. Safisha saketi kwa brashi laini na spiriti, iache ikauke kabisa, na tatizo huisha.

Inachelewa, au inakimbia

Hapa hesabu husaidia kuliko bisibisi. Saa nzima ya kwatzi hukosea kama sekunde 15 au 20 kwa mwezi. Joto letu huchangia, lakini kidogo sana. Kwatzi hizi hukatwa ziwe sahihi zaidi karibu na nyuzi 25, na hupunguza mwendo joto likipanda au kushuka kutoka hapo. Hata ikikaa kwenye nyuzi 35 mchana kutwa, inapoteza karibu theluthi moja tu ya sekunde kwa siku. Basi mtu akikuambia saa yake inachelewa dakika tano kwa siku kwa sababu ya jua la Mombasa, mweleze kwamba kwatzi haiwezi kukosea hivyo. Inakwama na kuachia: akrabu zinagusana, au gia ni chafu, au betri imechoka.

Kuna hali moja inayowachanganya wengi. Sekunde inatembea vizuri kabisa lakini akrabu ya dakika iko nyuma. Hiyo ni gia ya kati inayoshika akrabu ya dakika. Imelegea na inateleza. Ikiwa akrabu yenyewe ndiyo iliyolegea kwenye mhimili, ikandamize. Ikiwa ni gia, ibadilishe.

Sumaku nayo isisahauliwe. Spika, kifungo cha sumaku cha mkoba au kifuniko cha simu vinaweza kuisimamisha saa kwa muda wote ilipo karibu navyo. Ukiiondoa inaendelea yenyewe, na kwa kawaida haikupata madhara. Muulize mwenyewe saa huwekwa wapi usiku kabla ya kufungua chochote.

Saa kuukuu zingine zina parafujo ndogo ya kurekebishia mwendo kwenye saketi. Iguse tu ikiwa mengine yote ni mazima na umeilinganisha saa na wakati wa simu kwa wiki mbili angalau.

Ukungu ndani ya kioo

Mtu anatoka kwenye jua la feri ya Likoni, anaingia benki yenye kiyoyozi, na kioo cha saa yake kinafunikwa na ukungu kwa ndani. Akitoka nje unapotea, naye anasahau. Ule ukungu ni maji yaliyokwisha kuingia. Baridi imeyaonyesha tu. Ukitaka uhakika nyumbani, ipashe saa joto kidogo chini ya taa, kisha weka tone la maji baridi katikati ya kioo, ngoja dakika moja, ulifute. Ukiona duara la ukungu limebaki chini ya kioo, kuna unyevu ndani.

Maji huingilia kwenye mpira wa kifuniko cha nyuma au ule ulio kwenye kifungo cha pembeni. Mpira wa miaka thelathini huwa mgumu na kupasuka, au huwa ulendalenda mweusi. Utoe wote, safisha mfereji wake, weka mpya wa kipenyo na unene ule ule, ukiupaka grisi ya silikoni kidogo sana. Maandishi ya mita 30 mgongoni yalihusu saa mpya, tena kwa maji ya kunawia. Saa kuukuu usiogelee nayo hata kama imeandikwa 100.

Kufunga ni muhimu kama kufungua. Ukiifunga saa siku ya masika, unafungia na hewa ya masika. Weka mashine na kasha lake, vikiwa wazi, ndani ya chupa yenye vifuko vya silika usiku kucha, kisha ufunge haraka asubuhi. Mchele haufai kwa kazi hii. Unaacha vumbi la wanga na haukaushi kama silika.

Ikiwa mtu ameingia nayo baharini, Nyali au Shelly, na maji yameingia, kila dakika ina thamani. Toa betri kwanza, kwa sababu umeme pamoja na maji ya chumvi ndio unaokula shaba upesi. Kisha suuza mashine kwa maji yaliyotoneshwa ya dukani, yale yanayotiwa kwenye betri za gari kabla hayajachanganywa na asidi, halafu kwa spiriti, ukiepusha uso wa saa. Ukiikausha tu bila kuisuuza, chumvi inabaki pale pale, na ikipata unyevu usiku inaanza kazi tena.

Saa za tarakimu

Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989, ndiyo utakayokutana nayo zaidi, nayo hutumia betri ya CR2016 ya volti 3. Ukibadilisha betri na kioo kikabaki kitupu au kuonyesha alama za ovyo, tafuta tundu au bati lenye herufi AC. Gusisha kwa kibano cha chuma kati ya hapo na upande wa chanya wa betri kwa sekunde mbili, saketi itaanza upya. Kengele isipolia baada ya kufunga, kuna springi ndogo inayogusa kifuniko cha nyuma; huenda imeruka mezani. Tarakimu zenye vipande vinavyokosekana husababishwa na ule ukanda wa mpira unaounganisha kioo na saketi: ufute kwa spiriti, na ufute pia pande zote mbili unazogusa. Kioo kikigeuka cheusi kama wino uliomwagika, kimepasuka na hakitengenezeki.

Tarehe inabadilika mchana

Akrabu zimepishana saa kumi na mbili. Zisogeze mbele mpaka akrabu ya saa imalize mzunguko mmoja kamili, tarehe itarudi kubadilika saa sita usiku. Usirekebishe tarehe kwa kifungo cha haraka kati ya saa tatu usiku na saa saba usiku, maana meno ya tarehe huwa yameshikana na unaweza kuyavunja.

Mashine nzima ibadilishwe lini?

Kwa saa za bei nafuu, nyingi zina Miyota 2035 ya kampuni ya Citizen, na mashine mpya ni rahisi kuliko muda mrefu wa kazi ya kuisafisha ya zamani. Ibadilishe, ukihakikisha urefu wa mhimili wa akrabu na nafasi ya miguu ya uso wa saa vinalingana. Lakini saa ya marehemu baba, au Seiko ya miaka ya 1970 yenye mashine yake ya asili, naomba uipe subira. Nunua saa mbovu yenye namba ile ile ya mashine kwa wauza mitumba, utoe vipuri humo. Koili ya saa moja na saketi ya nyingine hutengeneza saa moja nzima.

Ukimaliza, iache itembee siku mbili: siku ya kwanza imelala chali, ya pili imesimama kwa upande wa kifungo. Linganisha na simu asubuhi na jioni. Andika kwenye kipande cha karatasi aina ya betri na tarehe uliyoiweka, ukihifadhi pamoja na saa; usikwangue ndani ya kifuniko. Na kama haitavaliwa kwa miezi mingi, itoe betri tena.